Mheshimiwa Aliyeweka King'ora Rehani

Nchi ya Shangwera haimo kwenye ramani yoyote, na wachora ramani hawana kosa. Walifika mpakani na vipimo vyao, wakaambiwa wasubiri mgeni rasmi aje awafungulie kazi. Wanasubiri hadi leo, na habari zilizopo ni kwamba wawili kati yao wameshaoa hukohuko.

Ni nchi nzuri. Serikali yake inawapenda maskini kuliko watu wengine wote, ndiyo maana kila mwaka inawaongeza. Wamejengewa hata wizara yao, Wizara ya Kuinua Wanyonge, katika jengo refu kuliko yote ya mji mkuu, ili mnyonge akilitazama ainue angalau shingo.

Wizara hiyo ilikuwa na mfuko wa mikopo midogo, na utaratibu wa kukopa ulikuwa mwepesi kabisa. Mwombaji alitakiwa kuleta Cheti cha Unyonge, kuthibitisha kwamba hana kitu, pamoja na hati ya nyumba ya ghorofa, kuthibitisha kwamba anacho. Aliyekosa cheti aliambiwa ni tajiri na aone aibu. Aliyekosa hati aliambiwa ni maskini mno, hasaidiki. Tangu mfuko uanzishwe hapakuwa na mkopo hata mmoja ambao haukurudishwa, na Wizara ilipewa nishani kwa rekodi hiyo. Mikopo mingapi ilitolewa? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu swali hilo halikuwemo kwenye ratiba.

Katika mtaa wa Kaukau, wenye jua la kukaanga yai kwenye bati, aliishi Sikitu. Kwa hesabu za Wizara alikuwa mnyonge namba fulani, ingawa ukimwita hivyo mbele yake ungeondoka na maneno ya kukutosha mwezi mzima. Aliuza barafu za ubuyu. Mikono yake ilijua kuukoroga ubuyu mpaka ukawa mwekundu kama midomo ya bibi harusi. Tatizo lilikuwa moja: hakuwa na friza. Alipangisha kona kwenye friza ya Mabruki muuza nyama, na kona yenyewe ilikuwa kati ya maini na utumbo. Barafu zilitoka tamu, baridi, na zenye harufu ya maini.

"Da Sikitu," watoto wa shule walimwuliza, "leo una za ubuyu tu, au na za figo zipo?"

"Za figo ni za watu waliolipa deni la jana," alijibu, na mwulizaji alikumbuka ghafla kwamba kengele imelia.

* * *

Kaukau hawakuwa wakisubiri mfuko wa Wizara. Wanawake wa mtaa walikuwa na kikundi chao, Tuamke, na mali ya kikundi ilikuwa sanduku moja la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa kwa watu watatu wasio na undugu, wasio na urafiki wa kupita kiasi, na ikiwezekana waliowahi kugombana. Kila wiki waliketi kwenye mkeka, kila mmoja akaweka alichojaliwa, na aliyefikiwa na zamu akakopa.

Mambo yalikuwa yakienda hivyohivyo, bila hotuba. Mkopo wa kwanza wa mwenyekiti, Mama Nyamizi, ulinunua cherehani. Cherehani ikanunua mabati, na chini ya mabati hayo sasa walikaa mafundi wanne wakishona sare za shule. Mama Kulwa alikopa kuku, akalipa kwa mayai, akabaki na kuku. Wizara ilipopata habari hizi ilishangaa sana, kwani hakuna kati yao aliyehudhuria semina.

Siri ya Tuamke, kama ni siri, ilikuwa faini. Aliyechelewa kikao alilipa, na sanduku halikufunguliwa hadi kila mchelewaji alipe. Hapakuwa na cha msiba, cha mvua wala cha mume. Faini hailipiwi na mtu mwingine; ni yako, inakuuma mwenyewe. Mama Kulwa alijifungua njiani akija kikaoni, akaingia na kichanga mikononi. Alitozwa. Mtoto alisamehewa, maana yeye alikuwa amefika kabla ya wakati wake.

Mkusanya faini alikuwa Sikitu. Alikuwa na kipenga shingoni na kibakuli cha bati mapajani, na alikuwa amemtoza hata mama mkwe wake, tendo ambalo Kaukau bado linasimuliwa kwa sauti ya chini.

* * *

Sasa zamu ya kukopa ilimfikia Sikitu, na ilimfikia siku nzuri. Karani wa posta alikuwa amehamishwa, anaondoka na lori la jioni, na alikuwa na friza ya kuuza. Kuukuu, mlango umefungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini ukitia maji asubuhi, mchana unatoa jiwe.

"Mpaka lori lipige honi, nakusubiri wewe, dada," karani alimwambia. "Likipiga honi, anachukua Mabruki. Yuko na pesa mkononi."

"Mabruki anayo friza. Ya pili ya nini?"

"Anasema apate nafasi ya kichwa cha ng'ombe." Karani alikohoa. "Na kodi ya ile kona yako atapandisha, maana patakuwa pazuri zaidi."

Sikitu alifika kikaoni kabla ya mkeka. Mkopo wake ulikuwa umeshakubaliwa. Kilichobaki ni kufungua sanduku. Hapo ndipo lilipofika gari jeupe, na humo akatoka Afisa Itifaki wa Wizara, Bwana Fikirini, mtu mwembamba aliyevaa suti ya kijivu ya kumtosha mtu mwingine.

"Hongereni sana akina mama!" alisema. "Mmeteuliwa. Mheshimiwa Dakta Hamdani Tarumbeta, Waziri wa Kuinua Wanyonge, anakuja leo kuzindua sanduku lenu."

"Sanduku hili lina miaka sita, mwanangu," alisema Mama Nyamizi. "Limeshazinduka."

"Halijazinduliwa kiserikali. Kiserikali hapo mlipokaa hapana sanduku." Alitazama kufuli. "Mheshimiwa atafungua kufuli moja yeye mwenyewe, mbele ya Televisheni ya Taifa. Naomba ufunguo mmoja nimpelekee."

"Ufunguo hashiki asiye mwanachama," alisema Sikitu.

"Basi mwandikeni. Awe mwanachama." Bwana Fikirini akafikiri, uso ukamng'aa. "Tena andikeni msafara mzima! Taarifa itasomeka vizuri. Kikundi kimekua mara nne asubuhi moja, ukuaji usiopata kutokea chini ya jua."

Mama Nyamizi, ambaye hakupenda ugomvi na watu wenye gari, aliwaandika wote, akatoa ufunguo. Sikitu aliuona ukitumbukia kwenye mfuko wa suti ile pana na akahisi friza nzima imetumbukia nao.

"Anafika saa ngapi huyo mwanachama?"

"Muda wowote kuanzia sasa," alisema Bwana Fikirini, na Sikitu, ambaye alijua lugha ya Serikali kama kila raia wa Shangwera, alikaa chini na kunyoosha miguu.

* * *

Jua lilipanda likakaa utosini. Jua likachoka kukaa utosini. Kwaya ya shule iliyoletwa kuimba "Karibu Baba Mwenye Neema" iliimba mpaka sauti zikakauka, ikabaki kuchezesha midomo tu, na Bwana Fikirini akasema hivyo ndivyo vizuri, kuna utulivu.

Mabruki alipita makusudi, akijipepea na mkia wa ng'ombe.

"Shemeji Sikitu, naona mnamsubiri mkombozi."

"Tunasubiri ufunguo, Mabruki."

"Usijali, kona yako ipo. Nimekusogezea ini la mbuzi upate nafasi."

"Ini lako ulishike vizuri, shemeji. Jioni utalihitaji ukiniona."

Wanawake wakacheka, lakini Sikitu mwenyewe alicheka huku anatazama kivuli cha mnazi wa posta, ambacho kilikuwa kinarefuka bila kumwuliza mtu.

Mheshimiwa hakuwa amechelewa kwa uzembe. Msimuliaji analazimika kumtetea. Njiani alisimama kuzindua benchi. Mbele kidogo akazindua upya kisima alichokizindua mwaka jana, kwa kuwa bado kilikuwa hakijatoa maji na ilionekana uzinduzi wa kwanza haukukolea. Mwisho, karibu kabisa na Kaukau, alisimama kuzindua kibao kinachoonyesha njia ya kwenda kwenye uzinduzi.

Ndipo king'ora kikasikika. Kuku wa Mama Kulwa wakapanda juu ya paa. Magari yakaingia mtaani moja baada ya jingine, ya kijani, meusi, na moja lililobeba zulia tu. Mheshimiwa Tarumbeta akashuka, mtu mnene mwenye uso wa furaha, ufunguo wa Tuamke ukining'inia kifuani pake kwenye utepe wa rangi za taifa. Nyuma yake wasaidizi wawili walibeba hundi ya kadibodi yenye upana wa mlango.

"Ndugu zangu wanyonge!" alianza, kabla hajafika kwenye kipaza sauti. "Leo umaskini umepata habari mbaya! Nimesema umaskini utokomee, na nasema tena, utokomee, na nikitoka hapa nitausema huko ninakokwenda! Sisi kama Serikali tunao mpango, mkakati wa mpango, na kamati ya kutafuta tofauti kati ya hivyo viwili..."

Sikitu alitazama jua. Jua lilikuwa limeshuka mpaka kwenye dirisha la posta, na lori lilikuwa limeegeshwa pale, limefunguliwa mdomo. Akapuliza kipenga.

Waziri akanyamaza. Inasemekana ilikuwa mara ya kwanza tangu aapishwe.

"Mwanachama," alisema Sikitu, amesimama na kibakuli chake. "Karibu sana. Umechelewa. Faini."

* * *

Bwana Fikirini aligeuka rangi ya suti yake. "Mama, huyu ni Mheshimiwa!"

"Ulimwandikisha wewe. Na hawa wote pia." Sikitu alizungusha kibakuli upande wa msafara. "Sanduku halifunguliwi mpaka kila mchelewaji alipe. Hatukuanza leo. Mwulize mama mkwe wangu, yule pale."

Mama mkwe aliinua mkono. "Alinitoza," alisema, kwa fahari ambayo Sikitu hakuitegemea.

Kamera ya Televisheni ya Taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja, na Mtukufu Rais alikuwa anatazama, kwa kuwa hapakuwa na stesheni nyingine. Mheshimiwa alilijua hilo. Akacheka kicheko kikubwa cha kamera, akasema, "Nidhamu! Hii ndiyo nidhamu ninayoitaka! Lipeni, lipeni!"

Msafara ukapanga foleni. Walilipa wakurugenzi, walilipa wapiga picha, walilipa wabeba zulia. Mtu mmoja aliyesema kazi yake ni kumshikia mkurugenzi miwani alilipa mara mbili kwa woga. Kibakuli kikajaa, kikaletewa sufuria. Wanahistoria wa Shangwera wanakubaliana kwamba hizo zilikuwa pesa za kwanza kutoka Wizarani na kuwafikia wanyonge.

Akabaki Waziri.

"Chukueni hii hundi," alisema, akaivuta mbele.

Sikitu aliipima hundi kwa macho, akalipima sanduku. "Haiingii, mheshimiwa. Labda tukiikunja, nayo inasema 'Usikunje.' Tunapokea pesa taslimu."

Mheshimiwa akajipapasa mfuko wa kulia, akajipapasa wa kushoto, akatoa leso. Hakuwa ameshika pesa kwa mkono wake miaka mingi. Pesa zilikuwa zikipita juu ya kichwa chake, mahali panapoitwa ngazi za juu. Akawatazama wasaidizi.

"Faini hailipiwi na mwenzako," alisema Sikitu. "Lakini unaweza kukopa. Mfuko wa dharura ni hiki kibakuli. Maswali matatu tu."

Mama Nyamizi, ambaye alikuwa ameanza kufurahia siku hiyo, alikaa vizuri kwenye mkeka. "Swali la kwanza, mwanachama. Unafanya shughuli gani?"

"Mimi ni Waziri wa Kuinua Wanyonge."

"Hicho ni cheo, baba. Tunauliza shughuli. Ukiamka asubuhi, mikono yako inafanya nini?"

Mheshimiwa aliitazama mikono yake kana kwamba imeletwa na mtu mwingine. "Inapungia wananchi," alisema mwishowe.

"Na wananchi wanalipia?" aliuliza Mama Kulwa.

"Wanalipa kodi," alinong'ona Bwana Fikirini.

"Ah, basi ana wateja. Endelea, mwenyekiti."

"La pili. Mkopo huu utakuletea faida gani?"

"Utanitoa hapa."

"Jibu la kweli hilo, Mungu amzidishie. La tatu: mdhamini wako nani? Usiporudisha, analipa yeye."

Msafara mzima ukaanza kutazama viatu. Dereva wa Mheshimiwa, Mzee Chande, mtu wa mvi na shati lililopigwa pasi kwa mkono wake mwenyewe, alijisogeza mbele. Waziri akamtazama kwa matumaini.

"Mama zangu," alisema Mzee Chande, "huyu bwana namwendesha siku nyingi. Ni mkarimu mno wa maneno. Lakini mmesema ukimdhamini asiporudisha, unalipa wewe. Mimi sijapata kumwona akirudisha kitu. Hata salamu."

"Basi aweke rehani," alisema Mama Nyamizi. "Ana nini?"

Ikaonekana hana kitu. Gari la Serikali, nyumba ya Serikali, suti ilitoka kwa wafadhili. Na wakati huo wote dereva wa gari la mbele alikuwa amesahau kuzima king'ora, kikawa kinalia, kinalia, watu wameziba masikio. Kule posta, injini ya lori iliwaka.

"Hicho," alisema Sikitu. "Hicho kinachopiga kelele."

"King'ora ni mali ya Serikali!" alipaza sauti Bwana Fikirini.

"Na yeye je?"

Mheshimiwa aliitazama kamera, akaitikia kwa kichwa. Fundi pikipiki wa mtaani alipanda juu ya gari na bisibisi. Mheshimiwa akakopa, akalipa faini, akafungua kufuli yake mbele ya taifa, akapigiwa makofi. Sikitu hakuyasikia. Alikuwa amesaini mkopo wake, amefunga pesa kwenye pindo la khanga, na anakimbia na toroli la kubebea maji, king'ora kimewekwa juu yake na kufungwa kwenye betri ya pikipiki.

Njia ilijaa watu waliotoka uzinduzini. Akakibonyeza. Njia ikawa nyeupe. Kwa mazoea ya miaka mingi wananchi waliruka mtaroni, wakavua kofia, wengine wakapunga. Alifika posta lori likipiga honi, na Mabruki akiwa ameshaukumbatia ule mlango wenye mpira wa baiskeli.

"Shemeji," alisema Sikitu, akihema, "rudi kwenye ini lako."

* * *

Friza ya karani ilinguruma kama mtu mwenye mafua, lakini ilifanya kazi. Sikitu akawa anapita mitaani na toroli na king'ora, na watu wa Kaukau, ambao maisha yao yote walikuwa wakikikimbia king'ora, walijifunza kukikimbilia. Aliulipa mkopo kabla ya muda. Akakopa mwingine, akanunua friza ya pili, akampangisha kona Mama Kulwa aweke kuku. Kodi ilikuwa ndogo, na kuku walikaa mbali na ubuyu.

Magazeti ya Wizara yaliandika kwamba Mheshimiwa ameanzisha mpango wa usafirishaji wa kisasa wa barafu.

Yeye mwenyewe hali yake ilibadilika kidogo. Bila king'ora, msafara wake ulianza kusimama kwenye foleni kama watu, na akichungulia dirishani aliona vitu: visima, mabenchi. Alizidi kuchelewa. Siku moja alimchelewesha Mtukufu Rais, na saa ya chakula cha mchana redio ikatangaza kwamba Dakta Tarumbeta amepangiwa kazi nyingine, itakayotajwa itakapopatikana.

Mwanachama mmoja tu wa ule msafara alikuwa ameendelea kuja kikaoni: Mzee Chande. Alikuwa ameacha udereva wa Wizara, amekopa, na sasa aliuza vipuri vya baiskeli. Asubuhi moja yeye na Sikitu walifika pamoja kutandika mkeka, wakakuta mtu ameketi chini, peke yake, mahali mkeka unapotandikwa. Alikuwa na vumbi mpaka magotini. Alikuwa amepungua, na suti ilikuwa imebaki ya mtu mnene.

"Shikamoo, Mzee Chande," alisema Dakta Tarumbeta.

Mzee Chande alishusha mkeka begani, ndipo akaitikia. "Marahaba."

Wanachama walipotimia, mgeni alisimama, akatoa pesa kwenye leso, mkopo wa kibakuli, wote, na faida yake. Kisha hakukaa.

"Naomba kukopa," alisema. "Kidogo."

Mama Nyamizi alimtazama juu ya miwani. "Unafanya shughuli gani?"

Watu walijiandaa kwa hotuba. Wengine walitafuta pa kuegemea.

"Naziba sufuria," alisema. "Ndiyo kazi aliyonifunza baba. Nahitaji mtungi wa gesi wa kuchomelea."

Kila mwanamke kwenye mkeka aliifikiria sufuria yake. Hakuna nyumba Kaukau isiyokuwa na sufuria inayovuja.

"Mdhamini?"

Dakta Tarumbeta akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake kama msafara wake ulivyotazama vyao siku ile.

"Mimi," alisema Mzee Chande. "Leo mimi ndiye nimetangulia? Hapana, sisi ndio tuliomkuta yeye ameshafika. Na salamu kaitoa mwenyewe. Andikeni."

"King'ora chako je?" Sikitu alimwuliza mgeni. "Umelipa. Ni haki yako."

"Baki nacho, dada," alisema. "Kwa miguu sikihitaji. Mtu wa sufuria anatakiwa asikike akigonga, basi."

Sikitu akazungusha macho kutafuta mchelewaji wa kumtoza. Wote walikuwepo, hata mama mkwe. Kibakuli kilikuwa kitupu kabisa, jambo lisilopata kutokea, na kwa kuwa hakupenda kukaa na chombo kisicho na kazi, alikitia barafu moja ya ubuyu, akamsogezea mwanachama aliyerudi.

Dakta Tarumbeta aling'ata ncha ya nailoni, akanyonya, akafumba macho. Wote walimtazama, kwani Kaukau ina kumbukumbu ndefu, hasa ya maini.

"Vipi?" aliuliza Sikitu.

"Ubuyu," alisema. "Ubuyu mtupu."